Afadhali Meza ya Uani Kuliko Mfuko wa Msaada



Wiki hii nimepokea barua ya mama mmoja Mtanzania aishiye na familia yake Marekani, upande wa magharibi wa jimbo la Ohio. Mwishoni mwa kiangazi watahamia nyumba ndogo zaidi. Mumewe anataka wafanye kile wanachofanya majirani zao: kupanga mbele ya nyumba vitu wasivyovihitaji tena, kuviandikia bei, na kuviuza Jumamosi asubuhi. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kukubali, hadi wenzake wawili walipolisikia jambo hilo. Wa kwanza alimcheka, akasema Mwafrika hatandazi vyombo vyake nje kama mtu aliyefilisiwa. Wa pili alisema maneno yenye sura nzuri zaidi, nayo ndiyo yaliyomnyima usingizi: "Kwa nini mwuze? Tieni kwenye mifuko, pelekeni kwenye sanduku la msaada, vitawafikia maskini Afrika." Basi mama huyu ananiuliza: Padre, je, ni dhambi kuuza kile ambacho ningeweza kukigawa?

Jibu langu ni fupi. Si dhambi. Uza, mama. Tena nathubutu kusema zaidi ya hapo: meza ile ya uani ina heshima kuliko sanduku lile, na mwenzako wa pili, pamoja na nia yake njema, amekosea zaidi kuliko yule aliyekucheka. Najua sentensi hiyo itawaudhi baadhi yenu. Nawaomba mnivumilie hadi nimalize, kisha mniudhikie kwa haki.

Nianze na yule wa kwanza, kwa kuwa hoja yake ni nyepesi ingawa maumivu yaliyomo ndani yake ni ya kweli. Kwetu, vyombo vikionekana nje ya nyumba asubuhi, kitanda kimeegemezwa ukutani na masufuria yamewekwa juu ya godoro, hakuna jirani asemaye "wanauza". Husema "dalali amefika", au husema mwenye nyumba amechoka kudai kodi. Kwa sababu hiyo mtu anayehama Dar es Salaam huliuza kabati lake kwa kunong'ona. Humwambia rafiki, rafiki humwambia mwingine, mnunuzi huja baada ya magharibi, na kabati hutolewa likiwa limefunikwa shuka mithili ya mgonjwa. Sifanyi mzaha, nimepata kusaidia kubeba kabati la namna hiyo, na mwenye nalo alituomba tusiongee njiani.

Huko Marekani vyombo vilivyotandazwa nje havisemi hivyo. Mwalimu huuza, daktari huuza, mzee mstaafu huuza. Twayaita mauzo ya uani kwa kukosa neno bora, ingawa hasa hufanyika mbele ya nyumba, juu ya majani au kwenye njia ya kuingizia gari, mahali ambapo kila apitaye ataona. Wala si jambo la pembeni. Tangu mwaka 1987, kila Agosti, watu hupanga meza zao kando ya barabara kuu namba 127. Mpango huo ulianzia katika jimbo la Tennessee, na leo huanzia Addison katika jimbo la Michigan hadi Gadsden katika jimbo la Alabama, maili 690, yaani takribani kilomita 1,110. Msomaji aliyewahi kupanda basi kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza na ajaribu kuwaza safari yote ile ikiwa na meza kila baada ya nyumba kadhaa: huku sahani, kule viti, mbele kidogo trekta bovu. Hakuna aonaye kwamba watu wote hao wamefilisika.

Na wanaosema kwamba kupatana bei hadharani si desturi ya watu wa ibada, nawakumbusha kile kinachotokea nje ya makanisa yetu Jumapili baada ya Misa. Kuku wa matoleo ananadiwa, mkungu wa ndizi unanadiwa, mayai kumi yanauzwa kwa bei ya trei mbili, na mwenyekiti wa parokia anapaza sauti kama mtu wa mnadani. Mbona hapo hatuoni aibu? Ajabu ni kwamba Mmarekani, ambaye dukani hulipa bei iliyobandikwa bila kuuliza neno, akifika kwenye meza ya jirani yake hugeuka mtu wa Kariakoo. Huinua kikombe, hukitazama chini, hukunja uso, husema "nitakupa nusu". Mama, hapo wewe ndiye mwenyeji wa fani hiyo. Usiogope.

Sasa nisimulie yale niliyoyaona kwa macho yangu, kwa sababu mengi ninayoyasema leo sikuyajua kabla ya hapo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni wa mdogo wangu wa kike na shemeji yangu katika mji mmoja mdogo wa Marekani. Nao walikuwa wakihama. Shemeji alianza maandalizi wiki mbili kabla, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kwenda ofisi ya mji kuuliza taratibu. Alifanya vema, kwani kuna miji inayodai kibali, iko inayohesabu siku ambazo nyumba moja yaweza kuuza kwa mwaka, na mingi hukataza kupigilia matangazo kwenye nguzo za umeme. Palipo na chama cha wenye nyumba, chama nacho chaweza kuwa na masharti yake, hata kukataza kabisa. Baada ya hapo akaandika bango. Lilikuwa bango la mtu msomi: lilieleza sababu za kuhama, aina za bidhaa, na mwishoni likawashukuru wateja mapema. Jirani yao, bibi mmoja mjane mwenye umri wa kutuzaa sisi sote, alilisoma akiwa amesimama sebuleni akacheka. Akachukua kadibodi nyingine, akaandika kwa kalamu nene siku, saa na jina la mtaa, kisha akachora mshale mkubwa. Aliye ndani ya gari, alisema, hasomi barua, anatafuta mshale.

Bibi yule ndiye aliyetufundisha karibu kila kitu. Nguo zisirundikwe, zitundikwe kwenye kamba, kwa maana mtu akiona rundo hudhani ni takataka. Vitabu visimamishwe migongo yao ikitazama juu. Pasi na mashine ya kusagia matunda viwekwe karibu na waya wa ekstensheni, mnunuzi awashe mwenyewe aone. Benki atafutwe mtu wa kuchenji noti za dola moja na sarafu za robo dola, kwani mteja wa kwanza atakuja na noti ya ishirini kununua kijiko. Fedha zikae kiunoni kwa mtu mmoja, si ndani ya kikopo mezani. Kila kitu kibandikwe bei, maana wapo watu wenye haya ambao huondoka afadhali kuliko kuuliza.

Kuhusu bei, hapo ndipo shemeji yangu alipopata taabu. Yeye alibandika kila kitu kwa kukumbuka alichokilipia dukani, akipunguza kidogo kwa ajili ya uchakavu. Ilipofika saa nne asubuhi alikuwa ameuza mwavuli mmoja. Bibi akamweleza, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba wanaopita hawakuja kumrudishia gharama zake za zamani. Kiti kilichonunuliwa dola mia moja kitaondoka kwa ishirini au ishirini na tano; shati kwa dola moja au mbili; kitabu kwa nusu dola. Shemeji alizunguka meza zote na kalamu, akafuta na kuandika upya, uso wake ukiwa wa mtu anayehudhuria mazishi. Baada ya hapo watu wakanunua.

Nasimama hapa kidogo, kwa kuwa miongozo mingi ya mauzo haya hupima mafanikio kwa fedha tu, nayo hufundisha hila: weka bei ya juu ili upunguziwe pale unapotaka, ficha kilichopasuka upande wa ukuta, waweke watoto wauze sharubati ili wanunuzi wasiondoke haraka. Hila ya sharubati naisamehe. Hizo nyingine zamgeuza jirani kuwa samaki na bango kuwa ndoana. Tena waandishi hao husahau neno lililo muhimu kuliko yote, kwamba mauzo haya ni ya familia. Vitu vya nyumba vina wenyewe.

Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka minane. Asubuhi ile alitoka nje na kikombe chake cha chai, akakuta baiskeli yake ndogo, ambayo kwa kweli magoti yalikuwa yamekwisha kugonga usukani, ikipakiwa nyuma ya gari la mtu. Hakulia. Alisimama tu, akauliza, "Mjomba, wameuza yangu?" Nami sikuwa na jibu. Dola tano zilikuwa zimekwisha kuingia kiunoni kwa baba yake. Baadaye jioni walimpa mtoto zile dola tano, na alizipokea kwa adabu, lakini kila mzazi anajua kwamba kumpa mtoto fedha baada ya kumwuzia kitu chake si sawa na kumwuliza kabla. Siku hiyohiyo nilimwona mtoto wa jirani aliyepewa meza yake mwenyewe. Alichagua mwenyewe vya kuuza, akaandika bei kwa mkono wake, akakataa ofa ya mtu mzima, akapokea ofa nyingine, na saa sita mchana alikuwa akihesabu sarafu zake kwa furaha kama mfanyabiashara wa Kongowea. Vitu ni vilevile, umri ni uleule. Tofauti yote ni swali moja lililoulizwa usiku wa kuamkia mauzo.

Si watoto peke yao. Shemeji, katika bidii yake, alikuwa ameweka mezani sufuria moja nzito yenye mfuniko uliopinda. Mama yetu mzazi aliibeba kutoka Songea alipokwenda kumwona mjukuu wake wa kwanza. Aliamini kwamba Marekani hakuna sufuria ya kupikia ugali. Mnunuzi alikuwa amekwisha kuishika na dola mbili mkononi, mdogo wangu akaja mbio kutoka ndani, akaichukua mikononi mwake, akasema neno moja tu la Kiingereza, la kukataa, akarudi nayo jikoni. Yule mnunuzi alielewa haraka kuliko shemeji. Ndiyo maana nasema: vitakavyouzwa vikusanywe ndani kwanza, wote wavipitie wakiwa wamekaa, na mwenye neno aseme akiwa na nafasi ya kulisema.

Lakini jambo lililonifanya niandike leo lilitokea kabla ya mteja wa kwanza, alfajiri, tulipokuwa tukipanga meza. (Wateja wa kwanza, kwa taarifa yako mama, hufika kabla ya saa uliyotangaza. Hao ni wachuuzi. Waliingia saa kumi na mbili na nusu na tochi mkononi wakiulizia vyombo vya fedha na zana za fundi. Waambie warudi saa mbili. Watarudi.) Mdogo wangu alikuwa na boksi la suruali za watoto, kama kumi hivi, nyingi zikiwa zimekatika zipu. Alizitoa, akazitundika kwenye kamba, akasogea nyuma kuzitazama. Kisha akaziondoa moja baada ya nyingine. Akasema, "Kaka, mtu akiniuliza juu ya zipu hizi nitamtazamaje usoni?" Akazikunja vizuri, akazitia ndani ya mfuko mweusi wa plastiki, akauweka ndani ya gari ili baadaye aupeleke kwenye sanduku la msaada.

Nikamwuliza, "Na huko zitakwenda kwa nani?"

Akajibu bila kufikiri, "Si Afrika?"

Kisha akanyamaza, nami nikanyamaza, kwa sababu mama yetu alitulea kwa kuuza mitumba.

Wasomaji wenye umri wangu wanakumbuka. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, na hasa wakati wa Mzee Mwinyi, mabelo yalianza kuingia hadi mikoani. Wapo waliokuwa wakiziita nguo hizo "kafa Ulaya", kwa kuamini kwamba hakuna mzima anayeweza kuiacha nguo nzuri kiasi kile. Mama alikuwa akinunua belo kwa mkopo, na belo halifunguliwi kabla ya kulipiwa. Unaambiwa ni suruali za watoto, gredi ya kwanza, unalipa, unapandisha juu ya baiskeli, unakata mikanda nyumbani watoto wakiwa wamekuzunguka. Belo la kilo 45 liliweza kulipa ada ya muhula mzima au kula mtaji wote, na hatima hiyo ilijulikana katika dakika kumi za kwanza. Nimemwona mama akishika suruali, akiinyoosha zipu, akiiweka kushoto. Nyingine, kushoto. Nyingine, kushoto. Rundo la kushoto lilipozidi la kulia alikuwa akiacha kuzungumza. Wachuuzi wa Kenya wana neno kwa masalia ya namna hiyo, huyaita "fagia", na kile kizuri cha kwanza hukiita "kamera". Wazambia huziita nguo zote hizo "salaula", neno la Kibemba la kupekuapekua rundo ili kuchagua. Kila lugha imepata neno lake, kwa kuwa kila soko lina mama aliyepiga magoti mbele ya rundo.

Zipu zile kumi za mdogo wangu zilikuwa zikielekea kwenye rundo la kushoto la mama mwingine. Yeye hakuwa na ubaya wowote moyoni. Alishindwa tu kumwuzia jirani yake kitu kibovu kwa sababu jirani ana uso, akaweza kumpelekea asiye na uso. Hapo ndipo niliposhika mimi, na hapo ndipo ninapomkatalia yule mwenzako wa pili, mama. Meza ya uani humlazimisha mtoaji amtazame mpokeaji. Sanduku humwondolea lazima hiyo, tena humpa na kusifiwa.

Tazameni jinsi mambo yanavyokwenda. Mfuko ukiisha kutoka mikononi mwako, taasisi ya msaada huchagua kile kinachoweza kuuzwa katika duka lake. Kinachobaki huuzwa kwa uzito kwa makampuni ya nguo kuukuu, huchambuliwa, hufungwa mabelo, hupakiwa kwenye makontena. Baadhi ya masanduku yale ya barabarani si ya taasisi ya msaada hata kidogo, ni ya kampuni inayofanya biashara. Sisemi kwamba biashara hiyo ni haramu. Nasema kwamba nguo uliyoitoa bure, ukidhani inamfikia maskini bure, inamfikia kwa kuuzwa mara tatu au nne, na anayelipa mwishoni, bila kuruhusiwa kuona anachonunua, ni yule uliyedhani unamsaidia. Hata mtoza ushuru wa Marekani aliona kasoro hapo: kwa sheria ya mwaka 2006, anayedai nafuu ya kodi kwa nguo alizotoa sharti nguo hizo ziwe katika hali nzuri. Serikali imekataa kuihesabu zipu iliyokatika kuwa sadaka. Sisi je?

Na kama mtu bado anaamini kwamba huo wote ni ukarimu, na akumbuke yaliyotukia hapa kwetu. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua, ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50. Chama cha wafanyabiashara wa nguo zilizotumika huko Marekani kikalalamika kwa serikali yake, na mwaka 2017 serikali hiyo ikaanza kuchunguza kama nchi zetu zilistahili kuendelea kufaidi mpango wa AGOA, uliokuwa ukiruhusu bidhaa za Afrika kuingia Marekani bila ushuru. Kenya ilikwisha kurudi nyuma. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilikataa, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa nguo zake. Nauliza kwa heshima zote: ni zawadi ya namna gani hiyo, ambayo mwenye kupewa akisema "asante, inatosha" anaadhibiwa?

Wapo watakaoniandikia kwamba mitumba imelisha maelfu ya familia. Naam, imenilisha mimi! Shati nililovaa nikiandika haya nililinunua mnadani. Wala siombi masoko yafungwe kesho asubuhi huku akina mama wenye mikopo wakiwa na mabelo ndani ya nyumba. Ugomvi wangu ni na neno "msaada" linapobandikwa juu ya kitu ambacho mtu ameona aibu kukiuza kwa dola moja kwa jirani yake.

Dola hiyo moja, wapendwa, tusiidharau. Siku ile alikuja mwanamke mmoja na watoto watatu. Gari lake lilikuwa bovu, na kwa jinsi alivyohesabu sarafu ilikuwa dhahiri kwamba hakuwa na nyingi. Alichagua makoti ya baridi. Alilirudisha moja kwa sababu rangi haikumpendeza binti yake. Alipatana bei, akapunguziwa, akalipa, akachukua chenji, akaondoka bila kumshukuru mtu zaidi ya kawaida, kwa kuwa hakuwa na deni kwa mtu. Kama makoti yaleyale angepewa ndani ya mfuko, angethubutu kusema kwamba rangi hii hapana? Anayepewa hunyamaza; anayenunua ana sauti. Sina maana kwamba tusitoe bure. Toeni bure, lakini toeni kile ambacho kingeuzwa, na pale inapowezekana mpeni mtu mnayemjua jina. Mdogo wangu alimpa yule mama buti za theluji juu ya makoti aliyonunua, mkono kwa mkono, na zilipokelewa vizuri kwa kuwa zilikuja baada ya biashara kati ya watu wawili walio sawa.

Sasa mambo machache ya lazima, mama, kwa kuwa una watoto na unahama. Kuna vitu visivyopaswa kuuzwa wala kutolewa. Kitanda cha mtoto mchanga chenye ubavu unaoshuka kilipigwa marufuku kuuzwa Marekani tangu Juni 2011, kwa sababu watoto walifia humo, na marufuku hiyo haibagui duka na meza yako. Vivyo hivyo bidhaa yoyote ambayo mtengenezaji ametakiwa kuirudisha kwa ajili ya hatari. Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya huko ina orodha kwenye mtandao, na kuitazama ni kazi ya dakika chache. Kiti cha mtoto cha garini kina tarehe ya mwisho iliyochapwa mgongoni au chini yake, na kilichowahi kuwa ndani ya ajali kisiuzwe hata kama kinaonekana kizima. Kuhusu kodi, usiwe na hofu: ukiuza chako kwa bei ya chini ya ile uliyonunulia, hakuna faida ya kutozwa kodi.

Vitakavyobaki, na vitabaki, viwekwe kando ya barabara vikiwa na kibao cha "bure" kama mji wenu unaruhusu. Shemeji aliweka saa saba mchana, na kabla ya saa kumi karibu vyote vilikuwa vimeondoka, hata kiti kile cha miguu mitatu. Vilivyo vizima kabisa na havikupata mtu, pelekeni katika duka la hisani la mji wenu, ambako ataviona mtu wa mji wenu. Vilivyochakaa vifanywe matambara, na vilivyokufa vizikwe katika jalala la hukohuko vilikotumika. Zile suruali kumi mdogo wangu alizitoa garini jioni ileile. Sita alizishonea zipu mpya, kazi iliyomchukua siku tatu. Nne alizikata, akafutia madirisha ya nyumba waliyokuwa wakiiacha.

Walipata dola 214, ukitoa zile tano za mpwa wangu.

Na wewe, mama, ukipanga tarehe, epuka siku nne za Agosti zinazoanzia Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Barabara ya 127 inapita upande huohuo wa Ohio mnakoishi, na wanunuzi wote watakuwa huko.